Daktari wa Koo na Kopo la Kostiki

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme maneno machache juu ya daktari mmoja wa masikio, pua na koo, marehemu Chevalier Jackson wa Marekani. Wenzangu tuliosoma pamoja hapa shuleni wanajua kwamba mimi si daktari. Mimi ni mchemshaji wa sabuni hapa Jinja, na tangu nitoke darasani sijashika kisu ila cha kukatia miche ya sabuni. Huenda msomaji akauliza: sabuni na koo, wapi na wapi? Namwomba asubiri kidogo, maana kazi ya bwana yule na kazi yangu zimekutana ndani ya kopo moja.

Kila mara jarida letu likinifikia naona vijana wa sayansi wakiandika kwamba wanataka kuwa madaktari wapasuaji. Nia hiyo ni njema, wala siipingi. Lakini nikizisoma sababu zao naona karibu wote wanausifu mkono tu: jinsi mpasuaji anavyokata, jinsi anavyoshona, jinsi jamaa za mgonjwa wanavyomshukuru mlangoni. Mimi nina maoni mengine, na maisha ya Jackson ndiyo yaliyonipa. Nasema hivi: mkono wa bwana yule haukuwa na mfano katika siku zake, lakini sifa yake kubwa haikuwa mkono. Sifa yake kubwa ni kwamba alichoka kuwatibu watoto ambao hawakupaswa kuugua kabisa, akaondoka katika chumba cha upasuaji kwenda kuutafuta mlango walioingilia, akaufunga. Na kazi hiyo ya kufunga mlango haihitaji shahada ya udaktari. Hata muuza sabuni aweza kuifanya.

Kwanza nieleze maisha yake, kwa kuwa wengi hawamjui.

Jackson alizaliwa tarehe 4 Novemba 1865 huko Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Baba yake alikuwa mganga wa mifugo, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, mpole, mpenda vitabu, na kwa sababu hiyo wavulana wenzake walimwonea sana. Siku moja walimfunga kitambaa machoni wakamtupa ndani ya shimo la makaa lililokwisha kuachwa. Aliokolewa amezimia, na aliyemgundua kwanza alikuwa mbwa. Wale wa vidato vya juu wanaoona ni mchezo kuwatesa wageni wa kidato cha kwanza na waisome habari hiyo mara mbili. Kidogo tu mkono uliookoa watoto wengi namna ile ungeozea shimoni, na wenye kosa wangesema walikuwa wakitania.

Alichokipenda kijana yule ni kazi ya mikono. Alijifunza useremala, akajifunza kuchora, na alipokwenda kusoma udaktari alijipatia karo kwa kuchora mapambo juu ya vioo na vyombo vya udongo. Alihitimu katika chuo cha Jefferson, mjini Philadelphia, mwaka 1886. Kisha akavuka bahari kwenda London kumwona Morell Mackenzie, ambaye siku zile alikuwa ndiye daktari wa koo mwenye jina kubwa kuliko wote. Ndiye aliyeitwa mwaka 1887 kumtazama koo Frederick, mrithi wa ufalme wa Ujerumani. Baada ya hapo Jackson alirudi kwao Pittsburgh, akafungua kazi ya magonjwa ya koo.

Sasa tuingie kooni wenyewe, maana bila kulijua koo hatutaifahamu kazi yake.

Nyuma ya ulimi zimo njia mbili. Moja ni umio, ambao hupeleka chakula tumboni. Ya pili ni njia ya pumzi, ambayo iko mbele ya umio, nayo huenda mapafuni. Juu ya njia ya pumzi kipo kifuniko kidogo ambacho hujifunga tukimeza. Mtu akicheka au kushtuka hali ana kitu mdomoni, kifuniko huwahiwa na kitu huteleza kuingia njia isiyo yake. Huko chini njia ya pumzi hugawanyika mara mbili, pafu la kulia na la kushoto. Tawi la kulia ni pana zaidi na limenyooka zaidi kwenda chini, kwa hiyo mara nyingi kitu kilichopotea hukimbilia upande wa kulia.

Kabla ya siku za Jackson, mtoto aliyekwamwa na kitu huko ndani alikuwa katika hatari kubwa mno. Daktari aliweza kusukuma kwa kubahatisha, kama mtu atafutaye sindano gizani, na mara nyingi alichana nyama badala ya kuipata sindano. Au angepasua shingo. Au angengoja, na kungoja kulikuwa ndiko kufa polepole, kwa kuwa pafu lililozibwa huoza.

Madaktari wa Ulaya walikuwa wameanza kupitisha bomba lililonyooka mdomoni ili watazame ndani. Jackson naye mwaka 1890 alitengeneza bomba lake la kutazamia umio. Lakini alipoona kwamba wengine wanakitumia chombo kile bila mafunzo na kuwaumiza wagonjwa, alikaa miaka kadhaa bila kukieneza. Tabia hiyo naisifu. Fundi mwingine angesema, mimi nimeuza panga, aliyejikata shauri lake. Yeye hakusema hivyo. Aliporudi kwenye kazi ile alirudi na bomba bora lenye taa ndogo sana kwenye ncha yake, ili mwanga uwe pale pale penye shida, pamoja na mafunzo magumu kwa kila aliyetaka kulishika.

Na mafunzo hayo yalikuwa magumu kweli. Jackson alikuwa na karakana yake ya kutengenezea vyombo. Kama mtoto amemeza pini ya nepi nayo imefunguka, ncha ikiwa imeelekea juu, huwezi kuivuta tu, utalipasua umio. Basi Jackson alitafuta pini kama ile ile, akaiweka ndani ya bomba la mpira, akafanya mazoezi ya kuifunga na kuitoa mpaka mikono ikajua njia yenyewe. Ndipo akamwendea mtoto. Alitumia mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa, na alipofundisha alichora ubaoni kwa chaki za rangi huku akisema. Wagonjwa wake wengi aliwatibu bila dawa ya kulaza usingizi, kwa kuwa siku zile dawa yenyewe ilikuwa hatari kwa mtoto anayepumua kwa taabu. Maskini wengi hawakulipa kitu.

Mwaka 1916 alihamia Philadelphia kuwa profesa, akawa na viti vya kufundisha katika vyuo kadhaa vya udaktari vya mji ule. Kifua kikuu kilimshika zaidi ya mara moja, na alipolazwa kitandani alitumia siku zile kuandika vitabu. Tangu mwaka 1935 mpaka 1941 alikuwa rais wa chuo cha udaktari cha wanawake huko Pennsylvania, katika zama ambazo wanaume wengi wa kazi ile hawakutaka kumwona mwanamke ameshika kisu cha upasuaji. Alikufa tarehe 16 Agosti 1958, mwenye umri wa miaka 92.

Vitu alivyovitoa hakuvitupa. Aliviweka, akaviandikia habari zake: nani, umri gani, kilikwama wapi, kilitolewaje. Jumla ya vitu 2,374 vimo mpaka leo katika makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia, ndani ya droo nyembamba, na watu huenda kuvitazama. Vimo vifungo, pini, sarafu, mifupa, kokwa, funguo na vidude vya kuchezea. Kimo kidani kilichoandikwa kwamba mwenye kukibeba atapata bahati njema. Imo pia beji ya shule, ya mwanafunzi ambaye hakukosa darasani hata siku moja! Jackson alishikilia sana kwamba vitu hivyo ni vya mafundisho na visirudishwe, hata pale mwenye sarafu alipoidai kwa hasira. Watu walimcheka kwa jambo hilo. Mimi simcheki. Yeye alikuwa akikusanya ushahidi, na shahidi harudishwi nyumbani kabla ya kesi kwisha.

Maana kadiri droo zile zilivyojaa, ndivyo alivyoona jambo moja: vitu vile havikuingia kooni kwa bahati mbaya tu. Pini iliingia kwa sababu mama huishika mdomoni anapomfunga mtoto nepi, na mtoto humwiga mama. Karanga iliingia kwa sababu mtu mzima alimpa mtoto ambaye magego yake hayajaota. Juu ya karanga Jackson alionya sana. Karanga ikikaa katika njia ya pumzi huvimba, na mafuta yake hulichoma tawi la pafu, mtoto akawa na homa, kikohozi na mluzi wa kifua. Wazazi husema ni pumu, na daktari asiye mwangalifu huandika pumu. Ndipo Jackson akawafundisha wanafunzi wake kwamba si kila kifua kinachopiga mluzi kina pumu. Fundisho hilo lingali linafundishwa hata leo.

Hapa ndipo nifikapo kwenye kopo langu.

Sabuni hutengenezwa kwa vitu viwili: mafuta na kostiki. Kostiki ni alikali kali nyeupe; walimu wa kemia huiita sodiamu haidroksaidi. Ukiikoroga katika maji hupata moto yenyewe bila jiko. Ukiitia katika mafuta ya mawese huyavunja na kuyageuza kuwa sabuni, na ndiyo riziki yangu. Sasa mwili wa mwanadamu nao una mafuta na nyama laini. Mtoto akionja kostiki, jambo lile lile ambalo hufanyika katika pipa langu hufanyika katika koo lake. Midomo huungua, ulimi huungua, na umio huyeyuka ndani. Asipokufa, kidonda hupona kwa kovu, na kovu hujikunja kama ngozi iliyoachwa juani. Umio huwa mwembamba kama uzi. Mtoto hana njaa ya kukosa chakula, chakula kipo mbele yake. Ni mlango tu umefungwa.

Huko Marekani katika siku za Jackson kostiki ilikuwa katika jiko la kila nyumba, kwa kupikia sabuni na kuzibulia mifereji. Ilifanana na sukari. Iliuzwa katika makopo ya kawaida, na mengi hayakuwa na onyo lolote. Watoto waliletwa kwake kutoka mbali, mifupa mitupu. Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 1938, anasimulia juu ya binti wa miaka saba ambaye hakuweza kumeza hata tone la maji. Jackson alipitisha bomba lake, akatoa kizibo cha uchafu kilichokuwa kimeziba pale penye kovu, akapitisha kijiti chembamba cha kupanulia. Muuguzi akampa mtoto bilauri ya maji. Akanywa funda dogo, akangoja lirudi kama siku zote. Halikurudi. Akanywa la pili, nalo likashuka. Ndipo mtoto yule akausogeza polepole mkono wa muuguzi uliokuwa na bilauri, akaushika mkono wa daktari, akaubusu.

Nijuavyo mimi, watu wengi wakifika hapo katika habari za Jackson hufunga kitabu, wakisema: tazama, hii ndiyo thawabu ya mpasuaji. Lakini yeye hakukifunga. Alijua kwamba mtoto yule atarudi tena na tena apanuliwe koo, na kwamba wakati anashangilia bilauri moja ya maji, nyumba nyingine kumi zina kopo chini ya meza. Basi akafanya kazi ambayo haina sifa. Alichukua picha na habari za wagonjwa wake akaenda kwa watunga sheria, jimbo baada ya jimbo, kisha mbele ya bunge la taifa. Aliwaeleza wanasiasa umio ni nini. Aliandika barua. Alisubiri katika vyumba vya kungojea, yeye ambaye wagonjwa walimsubiri. Mwisho wake, tarehe 4 Machi 1927, Rais Calvin Coolidge alitia sahihi sheria ya sumu ziunguzazo. Sheria hiyo ilisema kwamba kostiki yenye nguvu ya asilimia 10 na zaidi, na sumu nyingine za namna yake, isisafirishwe toka jimbo mpaka jimbo kwa kuuzwa nyumbani ila chombo kiwe na neno “sumu” kwa herufi kubwa, pamoja na maelezo ya nini kifanywe mtu akiimeza.

Basi vijana nawauliza: katika kazi hizo mbili, bilauri ya maji na karatasi iliyobandikwa juu ya kopo, ipi iliokoa makoo mengi zaidi? Ya kwanza iliokoa koo moja, na daktari aliliona kwa macho yake. Ya pili iliwaokoa watoto ambao hakuwaona kamwe, wala wao hawakumjua, wala hakuna aliyembusu mkono kwa ajili yao. Mimi naona ya pili ni kubwa zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Najua nitajibiwa, nami nimekwisha kujibiwa hapa hapa sokoni. Nitayataja majibu yale kwa haki.

Wa kwanza husema: hayo ni mambo ya Marekani ya zamani. Sivyo. Tembea katika soko lolote mahali watu wanapojipikia sabuni. Utaona kostiki inapimwa kwa kijiko na kutiwa katika mfuko wa nailoni. Utaona iliyokwisha kukorogwa imetiwa katika chupa ya soda, yenye picha ile ile ambayo mtoto ameizoea siku ya sikukuu. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, na dawa ya kusafishia choo. Tena siku hizi tumeongeza hatari ambayo Jackson hakuijua: zile betri ndogo za duara, bapa kama kifungo, ambazo hutiwa katika saa, vitu vya kuchezea na vidhibiti vya televisheni. Ikikwama katika umio wa mtoto huunguza kwa umeme wake, na katika saa mbili tu yaweza kuleta kidonda kikubwa. Hao ni jamaa wa kostiki waliovaa nguo za fedha.

Wa pili husema: maskini hununua kidogo kidogo, ukimkataza utamnyima riziki. Neno hili lina uzito, wala silidharau, kwa kuwa mimi nilianza kwa kununua vijiko vitatu. Lakini sisemi tusiwauzie. Nasema tusiwauzie katika chombo cha kinywaji. Mtu akija kwangu na chupa ya soda namrudisha. Nimeweka makopo yenye mfuniko wa kuzungusha, nimeyapaka rangi nyekundu pande zote, na mteja hulipa amana ya kopo, akilirudisha hurudishiwa fedha yake. Wateja kadhaa wamenihama wakaenda kwa jirani asiyeuliza maswali. Hasara hiyo naiona kila mwisho wa mwezi nikihesabu. Lakini hesabu ya mtoto asiyeweza kumeza siwezi kuifanya, na sitaki mtu anifundishe.

Wa tatu husema: neno “sumu” litamfaa nini mtoto wa miaka miwili? Hajui kusoma. Hapo nakubali. Karatasi ni kwa mtu mzima, impe hofu ili aweke kopo juu. Wamarekani wenyewe waliona kwamba karatasi haitoshi, na mwaka 1970 walitunga sheria nyingine iliyotaka sumu za nyumbani zitiwe katika vyombo ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua kwa urahisi. Kwa hiyo karatasi ni hatua ya kwanza, mfuniko ni ya pili, na rafu ya juu yenye kufuli ni ya tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayongoja daktari.

Wa nne husema: hiyo ni kazi ya serikali. Naam, na ndiyo maana naandika katika jarida hili. Waliotoka katika shule yetu wamo maofisini, wamo katika halmashauri, wamo katika viwanda na maduka ya jumla. Baadhi yenu ndio mnaoagiza kostiki kwa magunia, nami nainunua kwenu. Ninyi mwaweza kusema neno moja katika mkutano, na neno lenu likasikika kuliko makala kumi za mchemsha sabuni. Jackson hakuwa mbunge. Alikuwa mtu mmoja mwenye ushahidi ndani ya droo, aliyekataa kunyamaza.

Kwa wanafunzi nina maneno matatu ya kutendwa, si ya kukaririwa tu.

La kwanza, mkirudi nyumbani likizo, tazameni chini ya meza na nyuma ya mlango wa jiko. Chupa ya soda yenye kitu kisicho soda iondoeni siku ile ile, na mama akiuliza, mwelezeni kwa adabu kama nilivyowaeleza ninyi.

La pili, mtoto akimeza kostiki, msimtapishe. Kitu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Wala msimpe ndimu au siki ati kuua ukali wake. Msukutueni mdomo kwa maji, mpelekeni hospitali upesi, na mchukue na lile kopo ili daktari alione. Vivyo hivyo akimeza betri: msingoje itoke yenyewe kesho. Na mtu akikwamwa na mwiba wa samaki, acheni ile desturi yetu ya kumezesha tonge kubwa la posho ili limsukume. Huenda tonge likashuka na mwiba ukazama ndani zaidi, na daktari akapata kazi mbili badala ya moja.

La tatu ni kwa wale wanaotaka kweli kuwa madaktari wa masikio, pua na koo. Njooni, mnahitajiwa sana. Madaktari wa namna hiyo ni wachache katika nchi zetu, na wagonjwa husafiri mwendo mrefu kuwatafuta. Jifunzeni kuchora, jifunzeni useremala, fanyeni mazoezi kwa mpira kabla ya kumgusa mtu. Lakini mtakapokuwa na droo zenu, msizifunge tu mkaenda kula chakula cha jioni. Kila kitu mlichokitoa kiulizeni: uliingilia wapi? Kisha mje sokoni mtuambie sisi wauzaji, hata kama tutanuna.

Mimi kwa upande wangu naendelea kupaka makopo rangi nyekundu. Mwanafunzi yeyote au mwenzetu wa zamani apitaye Jinja na aje aone jinsi yalivyo, na mwenye duka la jumla ambaye yu tayari kuuza kwa namna hiyo nitampa makopo kumi ya kuanzia bila bei. Ofa hii ni ya kweli, Bwana Mhariri, nami naomba uichape pamoja na barua.

Ni mimi, mchemsha sabuni, mwanafunzi wenu wa zamani.